Siku niliyomlipisha hongo mzee wa tarabushi njia ya Itetemia

Wakuu, wa rika langu humu mmebaki wachache kama meno yangu. Shikamooni mnaostahili, na nyie wengine marahaba hata kama hamjaamkia.

Juzi kijana mmoja kaweka uzi wa picha za Tabora. Kapiga stesheni, kapiga Boma la Mjerumani, kapiga na ile nyumba ya tembe kule Kwihara, akaandika eti "nimeizunguka Tabora kwa miguu siku moja, raha tupu."

Nikacheka. Halafu nikazima simu, nikakaa kitandani kama mtu aliyepigwa kofi.

Maana na mimi niliizunguka Tabora kwa miguu siku moja, enzi za Mwingereza, nikiwa mke mpya. Aibu niliyoivuna siku ile ninayo hadi leo. Haya ninayoandika ni ya kweli, si chai. Anayetaka chai akachemshe kwake.

Naandika kwa kidole kimoja na macho yenyewe ndiyo haya, basi mnivumilie.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Mume wangu, Kassimu, Mungu amrehemu, alikuwa Mnyamwezi wa Itetemia, fundi wa mabehewa ya reli. Tulikutana Dar es Salaam, tukaoana huko huko. Upande wake alisimama ami yake aliyekuwa akiishi Ilala.

Wazazi wake hawakuja harusini. Safari ndefu, ndiyo, lakini tuseme ukweli, hawakufurahi. Walishamwekea binti wa kwao. Tena mama mkwe alikuwa na neno lake linajulikana ukoo mzima: mwanamke wa Pwani mdomo anao, jembe hana.

Kassimu alipohamishiwa Tabora, ndani ya treni akanishika mkono akaniambia, "Mke wangu, mdomo wako naupenda, ndio ulioniponza. Lakini wazee wangu watakuja kukuona. Siku hiyo ufunge. Wakikupokea, umepokelewa. Wakikukataa, mimi siwezi kuishi nimesimama katikati yenu miaka yote."

Nikamwapia kwa Mungu. Nilikuwa na hofu ya kurudishwa kwetu, wakuu. Nyumbani wenzangu walishaanza kusema huyu hatamaliza hata mavuno mawili bara.

Sasa hapa nipumzike kidogo niwaeleze nyie mnaojua utani wa mpira tu.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wao walibeba pembe kutoka bara hadi Pwani, wakapita kwetu, na sisi tukawasimamisha njiani: toa hongo ndipo upite. Hongo ilikuwa ada ya njia, si hii rushwa mnayoijua nyie. Wakagombana, wakazikana, mwisho wakataniana.

Mtani unamtukana hadharani, unampokonya kitu mkononi, na yeye hakasiriki. Akikasirika, mjinga ni yeye. Bibi yangu alikuwa akimwona Mnyamwezi sokoni anamvua kofia mchana kweupe, na wote wawili wanacheka mpaka machozi.

Lakini mkwe si mtani. Ukishaolewa kwao, baba mkwe unamfunikia uso, jina lake hulitaji, ukikutana naye unapisha pembeni na goti unapiga. Hilo nililijua, Kassimu alinieleza vizuri. Nisichokijua ni sura ya mzee mwenyewe.

Haya. Tumefika Tabora, tumepewa chumba na uani kwenye kota za reli. Kassimu akasema wazee watakuja Ijumaa. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, yeye kaenda karakana, mimi nimefua, nimefagia, nimekaa. Kukaa hakunifai.

Jirani yangu alikuwa Bi Tatu, Mmanyema kutoka Ujiji, mume wake kuli wa stesheni. Na yeye hakuwa na muda mrefu pale. Mwanamke mnene, anacheka na mwili wote. Akaniambia, "Shoga, utakaa humo kama mwali? Twende nikuonyeshe mji."

Nikajitanda kanga yangu mpya, tukatoka.

Wakuu, Tabora ile! Miembe imejipanga kila njia, Bi Tatu anasema ni kokwa za wapagazi, walikula wakatupa. Tukaliona Boma kwa mbali tu, maana askari wa langoni alitutazama vibaya. Tukaenda sokoni: karanga vilima kwa vilima, asali kwenye vibuyu, uyoga mkavu, watu wanaamkiana "mwangaluka" na mimi naitikia kwa lafudhi ya Kisarawe, wanacheka.

Tukapita Mtendeni. Kulikuwa na nyumba za Waarabu zenye milango ya nakshi, na bibi mmoja wa Kimanga kakaa barazani anachagua mchele. Tukamwamkia, akatuuliza watoto wa wapi, akatupa tende mbili mbili. Nilijiona mtu kweli kweli. Nilisema moyoni, mji huu nitauweza.

Bi Tatu akasema, "Sasa twende Kwihara tukaone tembe. Wale Wazungu wapelelezi wa zamani walilala humo wakisubiri njia ifunguke." Njia yenyewe ni ile ile ya kuelekea Itetemia.

Mnaona? Njia ya kwa mume wangu. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejifunika kanga vizuri na kunyamaza.

Tumetoka mjini, jua limekolea, mara mbele yetu anakuja mzee peke yake. Mrefu, mwembamba, kanzu imepandishwa kiunoni isishike vumbi. Kichwani tarabushi jekundu lililopauka, kishada chake kimebaki nyuzi mbili. Begani kibuyu cha asali, kwapani jogoo mweupe.

Bi Tatu akaninong'oneza, "Mtani wako huyo anakuja na kitoweo."

Wallahi wakuu, sijui shetani gani aliniingia. Siku ngapi nimekaa kimya natetemeka juu ya hao wakwe, mdomo unaniwasha. Nikaivua kanga ya juu, nikaitandika njiani kukingama, nikasimama na mikono kiunoni.

"Simama hapo, mpagazi! Nani kakupa ruhusa kupita njia yangu bila hongo?"

Mzee akasimama. Akanitazama toka juu mpaka chini. Akatua kibuyu polepole, nikaona mashavu yanacheza.

"Njia yako tangu lini?" akasema. "Hapa Unyanyembe, binti. Njia ya Wazaramo imeishia Ruvu, kwenye mbu."

"Babu yako alifika kwetu anahema kama beberu, akalala kwa babu yangu, akala, akaondoka alfajiri bila kuaga! Leo nadai mimi."

"Babu yako ndiye aliyejificha kichakani kumngoja babu yangu amwage chumvi, apate kulamba!"

Bi Tatu tayari kakaa chini anajishika mbavu. Nami nikazidi. Nikamwambia uzee huo na tarabushi, unakwenda kuposa wapi? Mwanamke gani atakubali kulala na miguu ya korongo hiyo?

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Ndiyo, nilisema hivyo hivyo.

Mzee akacheka, meno yote nje. Akasema, "Mwanangu akiniletea Mzaramo kama wewe, namrudisha kwao siku hiyo hiyo, na treni ya mizigo!"

Nikaruka, nikamkwapua jogoo. Nikachukua na kibuyu. Kisha nikamvua tarabushi nikalivaa mimi.

Hakukataa. Alijipapasa kipara chake, akasema tu, "Chukua, mtani. Ila ujue jogoo huyo ana mwenyewe."

"Mwenyewe ndiyo mimi!" nikamjibu.

Akaiokota kanga yangu, akaikung'uta vumbi, akanirudishia kwa mikono miwili. Akaenda zake anacheka peke yake njia nzima.

Kwihara hatukufika. Nani ataangalia tembe na jogoo yuko mkononi? Tukageuza, tukaenda Ng'ambo kwa ndugu yake Bi Tatu, fundi viatu. Akatuchinjia, tukapika pale pale uani kwake, tukala na ugali wa mtama. Asali tukawaonjesha mafundi wote wa mtaa ule, mhunzi, cherehani, kila mtu kidole. Nikawa nasimulia, tarabushi kichwani, naigiza miguu ya korongo. Watu hawana mbavu.

Alasiri tukarudi kota. Kibuyu kimebaki nusu. Kwa mbali nasikia kicheko uani kwangu, sauti za wanawake na ya mwanamume. Nikafikiri Kassimu kaleta wenzake wa karakana. Nikafurahi, nikaingia na tarabushi langu, napiga kelele, "Hodi, mwenye njia kafika!"

Kicheko kikakatika.

Mkekani kakaa mwanamke mtu mzima kajitanda vizuri, uso wa Kassimu mtupu. Pembeni yake mwanamke mwingine. Kassimu kasimama karibu na mlango, rangi imemtoka. Na kwenye kigoda, kichwa wazi, kipara kinang'aa, yule mzee.

Yule mwanamke wa pili, shangazi yake Kassimu, ndiye aliyesema. "Hee! Si tarabushi la kaka hilo?"

Ya Rabi. Ningepata shimo ningeingia.

Kumbe kijijini kwao kulitokea msiba, maziko Ijumaa, wakaona afadhali waje siku moja kabla. Wanawake walitangulia kwa njia ya mkato. Mzee akabaki nyuma kumkamata jogoo na kuchukua asali ya kunipokelea mimi.

Mimi, wakuu! Jogoo wa kumpokea mke wa mwanawe. Ana mwenyewe, na kweli mwenyewe nilikuwa mimi.

Shangazi alikuja kunisimulia baadaye kwamba kabla sijaingia mzee alikuwa anawachekesha kwa habari ya Mzaramo mmoja aliyemkata njiani. Anasema, "Ana mdomo yule! Aliyemwoa kazi anayo." Wote wanacheka isipokuwa Kassimu. Angecheka vipi? Mzaramo mwenye mdomo ule, mwenye kanga mpya, alishamjua.

Nikaanguka magoti. Nikajifunika kanga usoni, tarabushi bado liko kichwani chini ya kanga, maana mikono haikunitii kulivua. Nililia kimya kimya. Nilichokuwa naona ni miguu ya watu tu. Na ile miguu ya korongo ndani ya makubazi, sikuweza kuiangalia.

Mzee alisimama. Akageuza uso ukutani, maana na yeye haimpasi kumtazama mke wa mwanawe akiwa katika hali ile. Akasema neno la Kinyamwezi kwa mkewe, akatoka. Hakula wala hakunywa maji ya nyumba yangu. Alitembea kurudi Itetemia kichwa wazi.

Kassimu akamfuata mbio. Nikabaki na mama mkwe.

Nilingoja matusi. Mama yule akaninyanyua kanga, akalivua tarabushi, akalifuta kwa kiganja. Akasema, "Kwetu hapa, mwanangu, mtani anaulizwa kwanza. Wewe mtoto wa nani? Ukishajua ndipo unamtukana. Wewe umeolewa Itetemia, basi kila mzee wa njia ile anaweza kuwa mkweo."

Neno dogo tu hilo, na mimi sikulijua. Kwetu Pwani Mnyamwezi alikuwa mpita njia, hakuna aliyemuuliza baba yake. Huku Tabora yuko kwake.

"Mtanirudisha?" nikamuuliza.

"Jembe unalijua?"

"Nitajifunza, mama."

"Basi kajifunze," akasema, akanawa mikono, akaomba chakula. Sikuwa na chakula. Nimeshiba jogoo wake mwenyewe. Mnaielewa hiyo aibu?

Nikakaa. Nikalima. Kassimu alininunia, halafu akaacha. Mama mkwe akanikubali kidogo kidogo, palizi kwa palizi, na aliponisifia karanga zangu mara ya kwanza nilikwenda kulia nyuma ya choo.

Lakini baba mkwe, hapana. Akija kwetu, najificha jikoni mpaka aondoke. Nikienda Itetemia, nashika ile njia ya mkato, naingia kwa nyuma. Salamu zangu nilimtumia kwa kinywa cha mtu mwingine, na za adabu tupu. Mdomo wangu wote ule uliisha. Waliokuja kunijua baada ya pale waliniita mpole.

Na kila mwaka, asali ikishavunwa, mama mmoja wa Itetemia aliyekuwa akija kuuza sokoni alibisha hodi kwangu na jogoo mweupe. Kila mwaka maneno yale yale. "Baba mkwe kasema, hongo ya mwenye njia."

Nilikuwa nikilisikia hilo neno, nampokea jogoo macho chini. Nasema moyoni, mzee hajasahau. Ananikumbusha kila mwaka nisije nikajisahau. Naye ana haki. Nikimpika yule jogoo mimi sili, nakula mchuzi wa majani. Kwa yule mama najibu, "Mwambie baba ahsante sana." Basi, naingia ndani.

Miaka ikaenda hivyo. Karibu na Uhuru mzee akaugua, hakukawia.

Msiba ulikuwa Itetemia. Wakaja Wazaramo wa reli kufanya utani, kama desturi. Mmoja kalivaa tarabushi, lile lile, kishada hakina tena hata uzi. Kajilaza mlangoni, anasema maiti haitoki mpaka hongo ilipwe, Mnyamwezi huyu anataka kupita bure tena. Watu wanacheka na kulia. Mimi nimekaa kwenye kona na kanga usoni, mke wa mwana, mpole.

Mama mkwe akaja kukaa karibu yangu. Akaniambia taratibu, hana hasira hata kidogo.

"Mwenzio alikuwa akituma jogoo, halafu anakaa njiani kumngoja yule mama arudi sokoni. Anamuuliza, kasemaje? Anaambiwa, kasema ahsante sana. Anauliza, ahsante tu? Basi? Anarudi ndani kanywea. Ananiambia, mama Kassimu, yule binti hajanisamehe lile neno la treni ya mizigo. Baba mkwe mzima nimemwambia mke wa mwanangu nitamrudisha kwao. Anaogopa hata kunijibu."

 Nikaifunua kanga usoni, nikalitazama lile tarabushi pale mlangoni.

Wakuu, miaka yote ile mzee alikuwa ananiomba radhi. Uso kwa uso haimpasi, akatafuta njia ya utani, kwa mkono wa mtu wa tatu. Na mimi niliyejigamba Mzaramo, mjukuu wa bibi yangu, utani sikuutambua ulipobisha hodi mlangoni kwangu. Nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu, sikujua na yeye ana yake. Ile siku uani nilidhani kageuza uso ukutani kwa heshima tu. Kumbe alikuwa anajificha kama mimi.

Watu husema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliniponza mara mbili, mara ya pili kwa kufungwa. Ya kwanza hata nikiisimulia sasa nacheka. Ya pili sijawahi kuisimulia, ndiyo leo.

Kijana wa picha, usiuchukie uzi wako kwa sababu yangu. Picha nzuri. Kwihara nimeiona kwenye simu yako, maana nimekaa Tabora tangu siku zile hadi leo na ile njia sikuwahi kuimaliza. Kila nikifika pale tulipokutana, nageuza.

Ninachowaambia nyie wenye nguvu za kutembea: kama kuna mtu mmekoseana, halafu anakutumia tumaneno twa utani, anakuchokoza, usikae unajihurumia ukasema ananisimanga. Mchokoze na wewe. Huenda ndiyo njia pekee aliyonayo.

Waliowahi kuharibu kwa wakwe shusheni komenti, nizisome bando likiwepo. Watani wangu Wanyamwezi, mkipita humu nitukaneni mnavyotaka, safari hii najibu.

Maana jibu ninalo, limechelewa tu. Ningemwambia yule mama wa sokoni amwambie: "Hongo haitoshi, mpagazi. Leta na asali."